Kabla hujaandika "mkono wa nje"

Ninyi mnaoanza kazi ya kufuatilia uchaguzi na upotoshaji hapa Kampala, neno mtakalolisikia kuliko yote ni "mabeberu". Chama tawala huwaona nyuma ya upinzani, upinzani huwaona nyuma ya chama tawala. Lisiingie kwenye ripoti yenu kabla hamjajua ni nani anajificha, na anaficha nini.

Ubalozi ukitoa tamko hadharani, hata la kuudhi, huo ni msimamo wake na kila mtu anaujua. Fedha zikipitishwa kwa mtu wa kati, au akaunti zikivaa majina ya Waganda wasiokuwepo, hapo mna kazi. Marekani ilitunga sheria mwaka 1938, enzi za propaganda za Wanazi, ya kuwataka wanaotumikia nchi za nje wajiandikishe na kueleza wanalipwa na nani. Australia ilianzisha daftari la namna hiyo 2018. Mimi hupendelea njia hii kuliko kufungiafungia, ila mwenye nia mbaya hajiandikishi ng'o, na serikali yenye hasira inaweza kulitumia daftari kuyabana mashirika ya kiraia. Wananchi wa Georgia, ile nchi jirani ya Urusi, walijaa barabarani 2024 kupinga sheria ya aina hii kwa hofu hiyo hiyo.

Romania ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta duru nzima ya kwanza ya urais, baada ya idara za usalama kueleza jinsi mgombea Călin Georgescu alivyopandishwa chati TikTok. Kura ikarudiwa Mei 2025. Kwangu, kufuta kura za watu huku sehemu kubwa ya ushahidi wakiwa hawajaiona ni kumpa mgombea sababu ya kujiita mwonewa.

Sasa turudi nyumbani. Januari 2021, siku chache kabla ya kura, Facebook iliondoa mtandao wa akaunti bandia, ikasema unahusiana na kituo kimoja cha wizara yetu ya habari na mawasiliano. Yaani mkono ulikuwa wa hapa hapa. Serikali ikajibu kwamba anayeingilia ni kampuni hiyo ya kigeni, ikaifunga Facebook. Tangu hapo wengi tunaingia kwa VPN, programu inayokuonyesha kama uko nchi nyingine.

VPN hizo zinawaponza wageni wa kazi. Unafungua taarifa za uwazi za ukurasa wa Facebook, zinazoonyesha wasimamizi wake wako nchi gani, unaona msimamizi mmoja yuko Uholanzi, moyo unaruka. Huenda amekaa Ntinda, hapa hapa Kampala, anakunywa chai. Angalia kwanza ukurasa ulifunguliwa lini na uliwahi kuitwa nani: wa kuuza viatu uliogeuka wa siasa wiki chache kabla ya kura unastahili muda wako. Kisha soma maneno yenyewe. Kurasa kumi zikikosea herufi ile ile, katika sentensi ile ile, ndani ya dakika chache, kuna mtu mmoja anayezigawia.

Na piga picha za skrini, zenye tarehe na saa, kabla hujampigia mhusika simu kumwomba maelezo. Ukishapiga, ukurasa hufutwa hata hujamaliza kuandika.