Ethi iko wapi? Maswali ya mafundi wa bodi

Maswali ya mwezi huu yamegonga mlango mmoja: chuma cha kulehemu, ethi (njia ya kumwaga ardhini umeme unaovuja), na aisii (vile vipande vidogo vyeusi vyenye saketi nzima ndani) zinazokufa bila sababu. Nimeyafupisha, ila sikuyabadilisha maana.

"Mzee, natengeneza simu Wilson Road, Kampala. Nikilehemu huku mkono wa pili umeshika chuma cha simu, nasikia kitu kinanitambaa vidoleni. Testa nikiigusisha kwenye ncha inawaka. Huu ndio umeme tuli?"

Sio, mwanangu. Umeme tuli, ule unaotokana na vitu kusuguana, hupiga mara moja ukaisha. Kinachotambaa bila kukoma ni umeme wa soketini unaovuja. Na nikubahatishie jambo jingine: plagi yako ina pini mbili, na tundu la juu la soketi umelifungua kwa kalamu. Nimekosea?

Nusu ya mafundi wa mjini ni mafundi wa kalamu. Yale matundu mawili ya chini yana vifuniko ndani, na havifunguki mpaka pini ndefu ya juu iingie. Pini hiyo ndiyo ya ethi. Kalamu yako inafungua mlango vizuri sana, lakini plastiki haipitishi umeme. Kwa hiyo chuma chako hakina pa kumwagia kinachovuja.

Kinavujaje? Ndani ya chuma cha kawaida, waya unaopata moto umekaa karibu mno na bomba linaloshika ncha. Umeme wetu hugeuka mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na huweza kuvuka pengo hilo kidogo kidogo hata kama waya haujagusa bomba. Kwenye stesheni za kisasa (chuma cha kulehemu chenye kasha la kurekebishia moto) kuna njia nyingine: kapasita mbili ndogo, yaani vihifadhi umeme, zinazounganisha nyaya mbili za umeme na kasha ili kuzima kelele za umeme. Ethi ikiwepo, hazina neno. Ethi ikikosekana, kasha pamoja na ncha vinabaki katikati: kwenye volti 240, unapata kama 120 kwenye ncha. Mkondo wake ni mdogo. Kapasita ya nanofaradi 2.2 hupitisha kama miliampea 0.17 tu. Wewe unatambaliwa vidole, basi. Lakini mosifeti nyingi (swichi ndogo za kielektroniki) geti zake, yaani mguu wa kuziwasha, zimeandikiwa mwisho volti 20, na vitu vya ndani ya simu vinavumilia pungufu ya hapo.

Tafuta chuma chenye pini tatu za kweli. Ukiwa bado hujajaliwa, fanya walivyofanya wazee wetu wa redio: kipashe moto, chomoa plagi, lehemu miguu michache, kirudishe. Kinapoa haraka, kinaudhi, lakini aisii inapona.

"Mimi niko Jinja. Stesheni yangu ina pini tatu. Basi nimemaliza, au siyo?"

Hujamaliza. Pini tatu ni ahadi tu. Chomoa stesheni kabisa, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusanisha nyaya za mita kwanza uone zenyewe zina kiasi gani, kwa kawaida ni sehemu ndogo ya omu moja. Kisha waya mmoja kwenye pini ndefu ya plagi, mwingine kwenye ncha, pale penye risasi inayong'aa. Penye weusi usipaguse. Toa ile hesabu ya nyaya. Kanuni wanazofuata viwanda vya elektroniki zinataka pungufu ya omu 2 kifaa kikiwa kipya, na isizidi 10 kikiwa kazini.

Ukipata omu 40, au namba zinazorukaruka, usikimbilie kulaumu plagi. Fungua nati inayoshika ncha. Kwenye stesheni za muundo wa 936 ncha huvikwa juu ya hita na kubanwa na bomba, na ethi inapita hapohapo kwenye mgusano wa chuma kwa chuma. Moto wa miezi unaacha ukoko wa kijivu. Usugue kwa sufi ya chuma ya jikoni, kitu kikiwa baridi, kisha upime tena. Wakati mwingine namba inashuka kutoka 60 hadi 1 mbele ya macho yako. Ukipata karibu megaomu moja kamili, hapo mwenye kiwanda ameweka rezista (kizuizi cha umeme) makusudi. Na mita ikisema hakuna njia kabisa, fungua mpini: kuna stesheni za bei ya chini ambazo waya wa kijani umefika mpaka kwenye soketi ya mpini ukaishia hapo, kama barabara iliyoishiwa bajeti.

Halafu soketi yenyewe. Hapa nina kidonda changu. Kwa miezi nilikuwa nabadilisha aisii za chaji, simu zinaondoka nzima, wiki ya pili zinarudi. Nililaumu aisii, nikalaumu muuzaji, tukanuniana. Siku moja nikafungua ekstensheni niliyokuwa naitumia. Ndani, nyaya mbili zimefungwa vizuri na skrubu. Ule wa kijani na manjano umekatwa sawasawa na ganda, haukugusa kitu. Soketi ya ukutani ilikuwa na ethi nzuri, na ukuta ulikuwa mita mbili kutoka mezani kwangu. Muuzaji nilimwomba radhi.

Kwa hiyo mwite fundi umeme apime soketi unayotumia, pamoja na ekstensheni, mpaka kwenye nguzo ya ethi nje. Usiridhike na mita inayosoma volti 240 kati ya laini (waya wa moto) na ethi, kwa sababu mita ya kidijitali inadanganyika hata na ethi iliyooza. Apime uwezo wa ethi kwa kifaa chake.

"Kampala mvua haiishi. Umeme tuli si mambo ya nchi za baridi?"

Unyevu unasaidia, hilo nakupa. Kutembea kwenye zulia penye hewa kavu kunaweza kukupandisha volti elfu kumi na kitu, na penye unyevu zinashuka sana. Zinashuka, hazifiki sifuri. Binadamu hausikii mpaka volti kama 3,000. Kuna aisii zinazoumia chini ya 100. Kati ya namba hizo mbili kuna uwanja mpana ambao unaua vitu huku ukipiga stori na mteja. Na mara nyingi havifi papo hapo, vinachubuka, vinafanya kazi, halafu vinakufia mfukoni mwa mtu.

Januari na Februari ukitoka na sweta la nailoni, au ukivuta selotepu, au ukimimina aisii kutoka kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), umeshaichaji. Hilo la kaveera linaniuma zaidi. Tunanunua aisii ya maana, tunaifungia kwenye kaveera ya karanga. Iache kwenye mfuko wake wa rangi ya waridi au wa kijivu cha fedha mpaka dakika ya kuiweka.

"Nimenunua mkeka wa bluu wa silikoni hapa Bombo. Umenitosha?"

Kwa moto, ndiyo. Kwa umeme tuli, mingi ya hiyo ni mpira tu, haipitishi kitu. Mkeka wa kweli wa umeme tuli una kitufe cha kuunganisha waya wa ethi. Na usiubadilishe kwa bati, kwani kipande chenye chaji kikigusa chuma tupu kinamwaga vyote kwa mpigo, na mpigo huo ndio unaoua.

"Nikivaa mkanda wa mkononi uliofungwa kwenye ethi, halafu nishike waya wa moto, si nimekwisha?" (Mbale, natengeneza televisheni)

Mkanda halali wa kumwaga umeme tuli wa mwilini una rezista ya megaomu 1 ndani ya waya wake. Volti 240 zikipita humo unapata miliampea 0.24, ambayo huenda hata usiisikie. Ndiyo maana mkanda wa kujitengenezea kwa waya mtupu ni kitanzi: umejifunga kwenye ethi bila breki. Pima wako kila wiki, maana waya hukatika ndani ya ganda. Lakini wewe wa televisheni, ukifungua ya zamani yenye kioo kinene, au upande wa umeme mkali ukiwa umewashwa, uvue. Hapo adui ni mwingine.

"Huku Moroto natumia sola na inveta ndogo. Ethi sina kabisa."

Ndugu yangu, aisii haijui ardhi ya Karamoja. Inachojua ni tofauti kati ya vinavyoigusa. Chukua boliti moja mezani: ncha, mkeka na mkanda wako, vyote vifike hapo, mkanda ukiwa na rezista yake. Ukitaka nguzo ya ethi, ichimbie penye unyevu, kwani mchanga mkavu unapitisha vibaya. Ila duka lenye umeme wa gridi lisichimbiwe nguzo ya meza peke yake. Iunganishwe na ethi ya nyumba, la sivyo radi ikipiga jirani, nguzo mbili zinaweza kutofautiana kwa maelfu ya volti na wewe uko katikati.

Njia ninayoipenda kwako ni chuma cha volti 12 au 24 moja kwa moja kwenye betri. Inveta inatoka kwenye hesabu, na kuvuja kwake kunaondoka nayo.

"Nimeweka ethi kama ulivyosema. Nikagusa bodi, cheche, fyuzi ya bodi ikakatika!"

Bodi ilikuwa na betri na ilikuwa kwenye chaja, sivyo? Sasa ncha yako ni ethi kwelikweli. Toa betri, chomoa chaja, subiri kapasita zipungue, ndipo uguse.