Maswali yenu: naturizimu, taulo na kichocho

Wasomaji wa Kampala, Jinja na Gulu wametuuliza kuhusu naturizimu, yaani watu wazima kukaa uchi pamoja bila nia ya ngono.

Si umalaya uliopewa jina zuri?
La. Shirikisho la kimataifa la wafuasi wa naturizimu, lililoundwa Ufaransa mwaka 1953, linadai heshima kwa nafsi, kwa wenzako na kwa mazingira. Katika kambi zao, mwenye kukodolea wenzake macho au kupiga picha bila ruhusa hutolewa nje. Na popote unapoketi, unatandika taulo lako kwanza. Hilo halina mjadala.

Mwili wa mwanamume ukisisimka je?
Jifunike taulo, lala kifudifudi au ingia majini. Hupita.

Naweza kuvua nguo ufukweni Entebbe?
Usithubutu. Kitendo cha aibu hadharani ni kosa la jinai Uganda. Baki kwako, lakini kagua ua ukiwa bado umevaa: simama getini, kisha panda barabara ya mlimani, uone kama ndani kunaonekana. Kampala ni vilima. Ukuta wa mita 2 hausaidii kitu mbele ya dirisha la ghorofani. Wanaoishi humo wote wawe wamekubali. Dada wa kazi anayeogopa kufukuzwa hajakubali.

Nyanya anasema kuvua nguo ni laana.
Naye anajua asemalo. Mwaka 2015 akina mama wa Apaa, eneo la Waacholi kaskazini mwa Uganda, walivua nguo mbele ya mawaziri kutetea ardhi yao. Uchi wa mama aliyevua kwa makusudi ni silaha. Usibishane naye, vaa akija.

Kuoga uchi Ziwa Victoria?
Hatari yake ni kichocho, ugonjwa wa minyoo. Viluwiluwi vya minyoo hiyo hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi kwa dakika chache, na nguo ya kuogelea haivizuii. Maji ya ziwa yakikaa saa 48 kwenye pipa lisilo na konokono, viluwiluwi hufa, kisha unaoga. Kama umeshaingia ziwani, pima baada ya wiki 6 hadi 8. Ukiwahi mno, mayai ya minyoo hayaonekani bado. Dawa ni prazikwanteli, nayo hupimwa kwa uzito wako, kwa hiyo usimeze kwa kukisia.

Ngozi nyeusi inahitaji krimu ya jua?
Huku ikweta, ndiyo. Mwili mzima unataka mililita 35 hivi, dakika 20 kabla ya kutoka, na urudie kila saa 2. Matako na matiti hayajazoea jua, ndiyo huungua kwanza. Siku ya kwanza dakika 15 zinatosha, kabla ya saa nne asubuhi.