Mama Ian, umeniuliza habari ya kwaya

Mwanangu, hamjambo huko? Sisi huku wazima, baba yako mafua tu ila chakula anakula. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili maana ile ya kwanza huyo mume wangu Ian alikuwa anapiga kelele nyuma, sikuambulia kitu. Unasema umeletewa fomu ya kumwingiza kwenye ile kwaya ya watoto ya hapo Chicago, Chicago Children's Choir, iliyoanza 1956, na ukauliza aingie au asiingie, halafu ukatupia na lingine, mbona kwaya yetu ya watoto ya hapa mtaani ilikufa mwalimu alipohamishwa tu, na hiyo ya huko mwanzilishi alishafariki zamani na bado inadunda? Aingie. Hilo limeisha. Hilo lingine ndo limenifanya niandike, maana kwenye simu ungenikatiza.

Mwalimu wetu simsemi vibaya, yule baba alikuwa na kipaji. Miaka ya mwanzo hata kinanda hatukuwa nacho, anatoa do kwa mdomo wake, anawapa kila sauti pa kuanzia, na hakosei. Watoto wa darasa la pili wanaimba sauti tatu hawayumbi, watu wa parokia za jirani walikuwa wanakuja kushangaa. Ila angalia alivyokuwa anafanya kazi. Nyimbo zote zilikuwa ndani ya kaunta buku lake, lile la kava jekundu lililoshikwa na gundi ya karatasi, do re mi zote kaziandika kwa mkono, penseli juu ya kalamu, kalamu juu ya penseli, pengine hata yeye alikuwa anakisia. Kopi hakuna. Nyinyi mlikariri, anawaimbia mstari mnarudia, anawaimbia mnarudia, mpaka umeingia, na hakuna mtoto hata mmoja aliyefundishwa kuzisoma zile nota. Msaidizi pia hakuwepo. Mi nilikuwa mweka hazina wa kamati ya wazazi, kazi yetu ilikuwa michango ya sare na nauli ya mashindano, habari ya nani anafundisha nini haikuwa yetu na hakuna aliyetuuliza.

Barua ya uhamisho ikaja, si unajua mwalimu wa serikali akiambiwa nenda anaenda, akafungasha na kaunta buku lake akaondoka nalo, na ni haki yake, jasho lake lile. Sisi tukabaki na sare. Tukamwomba kijana mmoja wa kwaya ya vijana awashike, akaanza na nyimbo mpya kabisa kwa sababu za zamani kila mtoto alijua sauti yake tu, tena vipande, watoto wakachoka, wazazi wakaanza oh huyu sio kama mwalimu, Pasaka ikafika kwaya hamna.

Sasa njoo kwenye hiyo ya kwenu. Aliyeianzisha ni mchungaji, Christopher Moore, kwenye kanisa la First Unitarian, mtaa wa Hyde Park hapo Chicago. Na mwaka wenyewe uuangalie vizuri. 1955 mwezi wa nane Emmett Till, mtoto mweusi wa Chicago wa miaka 14, kaenda kusalimia ndugu Mississippi akauawa na wazungu, na mama yake akasema jeneza liachwe wazi watu waone walichomfanyia mwanangu (mimi kama mama sijui nguvu ile aliitoa wapi). Mwaka unaofuata, kwenye mji huohuo ambao weusi na weupe wanaishi kila mtu mtaa wake, mtu anakusanya watoto wa rangi zote na dini zote, wa matajiri na wa maskini, anawapanga mstari mmoja waimbe. Na miaka 10 baadaye Martin Luther King aliandamana hapohapo Chicago, Marquette Park, akapigwa jiwe la kichwa. Kwa hiyo usidhani ilikuwa kwaya ya kupendezesha ibada tu, watoto walisimamishwa pale kwa makusudi.

Moore alifariki 1987. Kwa hesabu ya hapa kwetu ndo ingekuwa mwisho, tunapiga picha ya pamoja kaburini na habari imekwisha. Lakini kwaya ilishatoka mikononi mwake kabla hajafa, hilo ndo jibu lako mwanangu. Ilishavuka kuta za kanisa, ikaingia kwenye shule na kwenye mitaa, na 1999 ikashikwa na Josephine Lee, dada ambaye ameiongoza zaidi ya miaka ishirini na kuikuza mpaka inahesabu watoto zaidi ya 4,000. Kwenye fomu utakuta imeandikwa Uniting Voices Chicago, usishtuke, ni ileile, walibadilisha jina.

Kinachoniuma roho kwa wivu ni ule mpangilio. Mtoto anaanza shuleni kwake, akionekana anapenda anaingia kwaya ya mtaa baada ya masomo, akikua anasogea mpaka kufika kundi la wakubwa wa sekondari linaloitwa Voice of Chicago. Kila ngazi ina mwalimu wake. Sasa hata mkurugenzi wa muziki apande ndege kesho aende zake, wale wadogo Jumanne wana mazoezi na mwalimu wao kama kawaida, na wale wakubwa ndo wanaoonwa na wadogo, mtoto anamtazama dada wa miaka 16 anajua na mimi nitafika pale. Kwetu mtoto akimaliza la saba alikuwa anapotea tu. Wavulana ndo kabisa, sauti ikianza kukwaruza mwalimu anamwambia pumzika kwanza, na hakuna aliyewahi kurudi, kaka yako mmojawapo. Huko wana kundi la wavulana ambao sauti zinabadilika, DiMension, wanapewa nyimbo zinazokaa pale sauti ilipo wakati huo badala ya kufukuzwa kiaina.

Najua utasema mama ni hela. Hela zipo ndiyo, walimu wanalipwa, wafadhili wapo, sikatai. Ila kutoa kopi ya kaunta buku hakukuhitaji mfadhili. Kumfundisha msichana mmoja wa darasa la sita awashike sauti ya pili mwalimu akiumwa, hiyo nayo ni shilingi ngapi?

Halafu usinielewe vibaya ukadhani nasema mwalimu mkuu si kitu. Kwaya bila mtu mwenye sikio kali ni kelele za watoto waliovaa sare. Huyo Josephine Lee ndo aliyekuwa kiongozi 2016 watoto waliposikika kwenye albamu ya Chance the Rapper, mwanamuziki wa rap wa hapohapo Chicago, wimbo wa kufungulia kabisa, na haohao wanaimba na okestra za watu wakubwa na nyimbo za lugha chungu nzima. Rap mi siijui na sitaki kujifanya, lakini nimesikiliza, watoto wameshika sauti zao kweli, hawakuwekwa kama pambo. Hiyo ni kazi ya mtu anayekaa na watoto mazoezini na kurudia baa nne za wimbo mpaka zinyooke.

Kwa hiyo siku ukimpeleka usikae kwenye gari na simu yako, ingia ndani ukae nyuma. Tazama kama watoto wameshika karatasi zao na wanazifuata kwa kidole, au wanamwangalia mwalimu mdomo tu kama nyinyi. Muulize mwalimu wa ngazi ya Ian (sio mkubwa wao, wa ngazi yake) mtoto akikosa mazoezi mawili nani anamfikisha walipo wenzake. Kama jibu lipo na jina la mtu lipo, wewe lala usingizi.

Na atakuja siku moja anaimba ile Sala ya Bwana ya Kiswahili, jiandae, kwaya za watoto za huko zinaipenda sana, yule Mmarekani Christopher Tin aliitungia muziki kwa ajili ya geimu ya kompyuta mwaka 2005, halafu mwaka 2011 ikapata tuzo ya Grammy. Hapo mjukuu wangu awe mbele kwenye matamshi, sitaki kusikia mtoto wa kwetu anaimba kama mtalii. Muongeleshe Kiswahili nyumbani, nimeshasema sana hilo.

Ada umesema inakutisha. Waulize kama wana punguzo kwa kipato, uliza tu bila aibu, kwaya iliyoanzishwa ili mtoto wa tajiri na wa maskini wasimame pamoja haiwezi kukushangaa ukiuliza. Ikibaki pengo niambie mapema, baba yako kauza mahindi wiki iliyopita. Tamasha lao la pale Millennium Park huwa mwezi wa tano, mimi nataka video nzima, sio sekunde thelathini za stetasi.

Mama yako