Mwanangu, wewe si mvivu

Mwanangu,

Huku hatujambo, na magoti ya mama yako yametulia tangu mvua zipungue. Nimesoma ujumbe wako wa juzi. Umeuliza kwa nini kazi za ofisini hazilali mikononi mwako, lakini cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu kimekushinda tangu mtoke wodini, na sasa mtoto anakimbia. "Baba, au mimi ni mvivu?"

Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akapika, akawahi daladala, si mvivu. Nimefundisha walimu tarajali hadi nikastaafu, na nimeona jinsi watu wanavyoahirisha. Kazi ikiwa na karaha, mtu huisogeza mbele. Akiisogeza anapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomzoesha kuisogeza tena kesho.

Sasa tuseme ukweli. Lile tangazo la kizazi walilokupa hospitali umelikunja mara nne kwenye pochi ya zamani. Nililiona mlipokuja Pasaka, wino umeanza kufifia kwenye mkunjo. Lina jina mlilompa ninyi, na ukweni bado wanamwita jina la bibi yao. Kila ukiligusa, ugomvi ule unakurudia. Foleni ya RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, unaisingizia tu, mwanangu. Kaa na mumeo, ninyi wawili, mlimalize suala la jina kabla hamjampigia mtu yeyote simu. Hapo ndipo penye uzito, na naamini mkishapavuka, safari ya RITA itakuwa nyepesi.

Kisha usiseme "nitaenda wiki hii". Mwaka 1997 wanasaikolojia Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walichapisha utafiti wa wanafunzi walioombwa kuandika taarifa fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi. Waliotaja mapema wataandikia wapi na wakati gani, kama robo tatu walitimiza. Waliobaki na nia peke yake, ni thuluthi moja hivi. Naliamini hili kuliko mawaidha yote ya kujikaza, maana nimeliona kwa wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka. Basi andika kwenye karatasi: "Jumatatu, nikishamwacha mtoto kwa shangazi yake, napanda gari kwenda RITA, sipiti kazini kwanza." Ruhusa iombe leo.

Usiniambie muda bado upo. Nimewaona vijana waliomaliza kidato cha sita wakihaha siku za mwisho za kuomba mkopo wa elimu ya juu, kwa kuwa Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, na wao hata cha kuhakiki hawana. Kijana amefaulu vizuri, halafu anakwama kwa karatasi ambayo wazazi walipaswa kuishughulikia akiwa bado ananyonya. Iliniuma kila mara.

Pamoja na tangazo, beba na kadi ya kliniki. Ukitoka huko nipigie, hata nikiwa shambani simu ninayo.

Baba yako