Matege ya mwanangu na jua lisilofika Pipeline

Mwanangu alifikisha mwaka mmoja na nusu bila kutembea. Akishika kochi na kusimama, magoti hayakutani. Mama mkwe alisema tulimsimamisha mapema, jirani akasema ni nepi nene. Nikangoja miezi mitatu, na kungoja kule kunaniuma hadi leo.

Daktari wa watoto hakuanza na miguu. Alishika vifundo vya mikono, akaniambia niguse: vilikuwa vinene, kana kwamba kuna bangili chini ya ngozi. Akapapasa utosi, bado ulikuwa laini. Akauliza meno yalitoka lini, nikasema yalichelewa. Eksirei na kipimo cha damu vikathibitisha: upungufu wa vitamini D. Bila vitamini hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha, na mifupa inayokua hubaki laini, ikapinda kwa uzito wa mtoto.

Nilibisha. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, jua hatununui! Akaniuliza, “Mama, kwako taa mnawasha saa ngapi?”

Nilinyamaza. Tunaishi Pipeline, mtaa wa maghorofa yaliyobanana hapa Nairobi, ghorofa ya pili, na ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kugusa ukuta wa jengo la pili. Taa tunawasha tukiamka. Pale mwanga kidogo unapopita ndipo nilipompakata, dirisha limefungwa kwa baridi ya Julai, nikidhani anaota jua. Kumbe kioo huzuia ile miale ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D. Joto hupita, miale hiyo hubaki nje. Na siku nikimtoa, ana kofia ya sufu, soksi, blanketi, na leso juu ya yote. Ngozi yetu nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe.

Hata jua la saa moja asubuhi, wanalotusifia bibi zetu, liko chini mno. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua linafanya kazi. Hapa kwetu ni kama saa nne hadi saa tisa. Mikono na miguu wazi, uso kivulini, dakika kumi au kumi na tano, na asiachwe aungue. Mtoto mwenye ualbino usimweke juani hata kidogo. Yeye apewe matone ya vitamini D.

Kwa kichanga pia nategemea matone zaidi kuliko jua. Nilimnyonyesha mwanangu miezi sita bila kumpa kitu kingine, na ningefanya hivyo tena, lakini maziwa ya mama yana vitamini D kidogo sana. Kinachopendekezwa kwa mtoto wa chini ya mwaka ni yuniti 400 kwa siku. Ukienda kliniki ya chanjo, muulize nesi wewe mwenyewe. Mimi sikuuliza.

Akianza kula, mpe omena (dagaa), kiini cha yai, maini. Omena huliwa na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu imo humo humo. Ila chakula peke yake ni vigumu kitosheleze vitamini D.

Watu wazima nao wajichunguze, hasa mlinzi wa usiku anayelala mchana na mama anayejisitiri mwili mzima. Mifupa ya kiuno ikiuma bila sababu, mapaja yakilegea unapopanda ngazi, omba kupimwa damu. Usijinunulie vidonge vikali dukani: vikizidi, kalsiamu hujaa kwenye damu, ukapata kichefuchefu, kiu isiyokatika, hata mawe ya figo.

Mwanangu alipewa matone na kalsiamu. Alitembea akiwa na miezi ishirini na miwili. Vifundo vimepungua, miguu inanyooka polepole na bado tunarudi kliniki. Mwenye jengo ametupa ufunguo wa paa, na saa nne nikipanda kuanika nguo, mwanangu hupita katikati ya shuka akiwa na chupi tu.