Mwera ukija Matema: boti ya mbao itolewe majini au ibaki kwenye nanga?

Mkuu, swali lako kwa kifupi: uko Mbeya mjini, una boti ya mbao ya futi 28 na mashine ya hp 15 pale Matema, ufukwe wa ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wametoa angalizo la upepo mkali Ziwa Nyasa, na nahodha wako anataka kuiacha kwenye nanga kwa sababu vijana wa kuvuta wanadai hela nyingi. Waliotangulia kuchangia wamegawanyika. Jibu langu ni kwamba itolewe, na itolewe leo kabla ziwa halijachafuka.

Mwera, ndio huo upepo mkali wa ziwani, unatoka kusini-mashariki na unashika kuanzia Mei hadi Agosti, miezi ile ile ya baridi huku kwetu. Hewa nzito ya baridi inasukumwa kutoka kusini mwa Afrika. Ikifika ziwani inabanwa kati ya Milima ya Livingstone upande wetu na nyanda za juu za Malawi upande wa pili, basi inakimbia kufuata urefu wa ziwa kuja kaskazini. Ziwa lina urefu wa zaidi ya km 550. Wimbi linaloanzia huko chini lina mamia ya kilomita ya kunenepa kabla halijakutana na mchanga wa Matema, Itungi au Kiwira. Sisi tuko mwisho wa njia yake. Halafu mwera unaanza wakati mbaya: masika yamemaliza kujaza ziwa, na Mei maji huwa juu kuliko miezi mingine yote ya mwaka. Ufukwe unakuwa mwembamba. Pale boti ilipolala salama Novemba, Juni panaweza kuwa ndani ya maji.

Watu wanaogopa mwera wa katikati ya ziwa, lakini boti za mbao kwa wingi zinavunjikia pale pale zilipofungwa. Angalia inavyokuwa. Boti iko kwenye maji ya mita moja, wimbi linainyanyua, likipita linaiachia na mkuku (ule mti mrefu wa chini ya boti) unagonga mchanga. Mchanga uliolowa ukigongwa ni mgumu kama sakafu. Saa mbili tatu za kugonga hivyo misumari inalegea kwenye mataruma (mbavu za boti), pamba ya kalafati inayoziba kati ya mbao inatemwa, maji yanaanza kuingia. Kwa boti ya futi 28, maji ya sentimita 10 tu chini ni zaidi ya nusu tani. Sasa wimbi linalofuata haliwezi kuinyanyua, linaipanda. Boti inageuka ubavu, na kutoka hapo unahesabu mbao.

Kwa hiyo nahodha asisubiri upepo. Mawimbi makubwa yanaweza kutangulia upepo wenyewe kwa saa nyingi. Ukiona ziwa limetulia juu, hakuna upepo, lakini yanaingia mawimbi marefu yenye nafasi kati yake kutoka kusini, ujue huko chini kumeshaanza. Mara nyingi siku hizo Tukuyu, kule juu milimani, inashinda na ukungu na manyunyu. Na usidharau namba za TMA. Wakisema upepo unafikia km 40 kwa saa na mawimbi mita 2, kumbuka kwamba upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya boti inaongezeka mara nne. Kamba iliyovumilia upepo wa km 20 haijathibitisha chochote. Rangi zao nazo zifuate: angalizo ni njano, tahadhari ni chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Kwa boti ndogo ya mbao ncha ya kaskazini, njano inatosha kuitoa.

Kuitoa sasa. Kwanza ipunguze uzito ikiwa bado inaelea: mashine, tenki la mafuta, nyavu, taa na betri zake, nanga, vyote nje. Mashine ya hp 15 ya stroku mbili ina kilo kama 36 hadi 40, watu wawili wanaibeba. Usiivute boti mashine ikiwa nyuma hata kama imeinuliwa, kwa sababu ikiyumba mguu wake unapiga chini na ubao wa nyuma unapasuka kwenye boliti. Kausha maji yote kwa kata na sponji. Watu wanaruka hatua hii halafu wanashangaa boti haisogei.

Chini weka vigogo vya migomba, kumi au kumi na viwili, vilivyokatwa siku hiyo hiyo. Kyela hukosi migomba iliyokwisha kuzaa. Vinapondeka vikikanyagwa, na huo utelezi wake ndio unaoutaka. Magogo ya mti yanayobingirika ni mazuri kwenye udongo mgumu, lakini kwenye mchanga laini yanazama na boti inakaa juu yake. Vigogo vipangwe hatua moja moja, na mtu mmoja kazi yake iwe kuvitoa nyuma na kuvileta mbele, basi.

Kamba usifunge kwenye ubao wa mbele peke yake. Izungushe boti nzima chini ya ukingo, ipite pande zote mbili, ncha zikutane mbele ya omo (pua ya boti). Hivyo mvuto unabebwa na mwili mzima wa boti.

Kama vijana ni wachache au bei yao haishikiki, zika gogo. Chimba shimo refu la mita moja na nusu, kina mita moja, limekaa kukingama na njia ya boti. Weka gogo nene la sentimita 20, funga kamba katikati yake, chimba mfereji wa mteremko ili kamba itoke ikielekea ziwani bila kuling'oa gogo juu, kisha fukia na ushindilie. Hapo ndipo unapofunga kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba. Kwa kapi mbili zilizopitishwa kamba ili nyuzi tatu ziivute boti kwa pamoja, watu wanne wanafanya kazi ya kumi hivi (msuguano unakula sehemu yake). Gogo hilo ukilizika mara moja linakutumikia msimu mzima, na boti ikiwa juu unaifunga hapo hapo.

Ifike wapi? Tafuta mstari wa takataka za mawimbi ya zamani, yale matete, magome na vijiti vilivyokauka. Vuka mstari huo, kisha ongeza mita tano au zaidi. Mwera wa siku mbili tatu mfululizo unasukuma maji kuja kaskazini, na wimbi likivunjika linapanda juu zaidi ya hapo ulipoliona jana. Ikishafika, ielekeze omo ziwani, iinue kidogo upande wa omo, toa kizibo cha chini ili mvua isikae ndani. Turubai ukiifunga legelege itapigwa na upepo hadi ichanike, na inaweza kuivuta boti. Ama uikaze kwelikweli, ama uache.

Kama mawimbi yameshaanza kuvunjika ufukweni na boti bado iko majini, kanuni inabadilika: omo ibaki inatazama mawimbi, uivute kinyumenyume. Ukigeuza tezi (nyuma ya boti) kwenye mawimbi, ubao wa nyuma ni mfupi, wimbi moja linaijaza. Vuta linapoinyanyua, shikilia linaporudi. Na asikae mtu yeyote kati ya boti na nchi kavu. Hilo waambie kwa ukali, maana boti yenye maji ndani ikimlalia mtu kwenye mchanga hanyanyuki.

Sasa kwa wale wanaosisitiza nanga. Ipo nafasi yake, kwa boti kubwa zisizovutika. Lakini nanga nyingi ninazoziona pale ni za nondo zilizochomelewa, zenye kucha nne. Hizo zimetengenezwa kushika mawe. Kwenye mchanga zinalima tu. Wengine wanatumia jiwe. Jiwe la kilo 50 likiwa ndani ya maji linabaki na uzito wa kilo kama 31, na boti ya futi 28 kwenye mwera inalikokota bila wasiwasi. Unahitaji nanga yenye mapanga mapana ya kujichimbia, kilo 15 hivi, mnyororo wa mita 5 mbele yake ili mvuto uwe wa kulala, kisha kamba ya nailoni ya milimita 14 au 16. Ile kamba ya plastiki inayoelea siyo, haina mnyumbuko na inaivuta nanga juu.

Urefu wa kamba ndio watu wanaobania. Chukua kina cha maji, ongeza kimo cha omo juu ya maji, zidisha kwa saba. Maji mita 4 na omo mita 1 ni mita 35. Ukiacha mita 12 kwa sababu boti nyingine ziko karibu, umeshaing'oa mwenyewe. Weka nanga mbili zikifunguka kama herufi V, pale kamba inapopita kwenye ukingo wa boti ivishe kipande cha bomba la mpira, la sivyo itasagika usiku. Na upande wa Matema ulio chini ya milima, chini ya ziwa kunashuka ghafla. Nanga ikiteleza kidogo tu kuelekea ndani inaning'inia.

Kuingia mdomo wa mto watu wanakusifia sana. Ni sawa ukiingia siku mbili kabla. Mwera ukishashika, mlangoni pana fungu la mchanga na mkondo wa mto unakutana na wimbi uso kwa uso, na hapo ndipo pabaya kuliko ufukwe wenyewe. Viboko na mamba sina haja ya kukukumbusha.

Jambo jingine ni usipa, wale samaki wadogo kama dagaa. Mwera ukipuliza siku tatu, usipa unaadimika sokoni na bei inapanda, na upepo ukinyamaza jioni moja vijana wanataka kuingia usiku. Kunyamaza huko mara nyingi ni kupumua tu. Nahodha akilazimika kuwa ndani, awe na jaketi okozi kwa kila mtu, na madumu matupu ya lita 20 yaliyozibwa na kufungwa chini ya viti. Kila dumu linabeba karibu kilo 20, kumi yanaizuia boti iliyojaa maji isizame na mashine yake.

Akikutwa na mawimbi, omo iyapokee kwa pembe kidogo, gesi ipunguzwe juu ya wimbi ili propela isizunguke hewani, mizigo na watu wakae chini katikati. Kurudi Matema kunamaanisha wimbi linakuja kwa nyuma, na hatari ni boti kuteleza nalo, omo kuchimba, tezi kuzunguka na boti kulala ubavu. Aende taratibu kuliko wimbi, watu wasogee nyuma kidogo, avute nyuma kamba ya mita 30 yenye ndoo mwishoni. Akiona ufukweni kumekuwa povu tupu usiku, abaki nje omo ikiwa kusini, ashushe hiyo ndoo mbele badala ya nyuma, asubiri kupambazuke ayaone mawimbi yanavyokuja kwa makundi. Upande wa mashariki ni majabali, asijaribu kubahatisha.

Mashine ikizama: kama ilizama ikiwa inaunguruma, au ina mchanga, usiizungushe hata kidogo, ipeleke kwa fundi ifunguliwe, maana maji hayabanwi na fimbo ya pistoni inaweza kuwa imepinda. Kama ilizama imezimwa, toa plagi, ilaze matundu yakitazama chini, vuta kamba taratibu hadi maji yaishe, mwaga na usafishe kabureta, tia oili kidogo kwenye silinda, funga plagi kavu, mafuta mapya, iwashe ndani ya saa mbili tatu. Kama hakuna namna ya kuiwasha leo, irudishe kwenye maji safi ya pipa hadi fundi afike. Hewa ndiyo inayoleta kutu kwa kasi.

Upepo ukikata usiishushe boti siku hiyo hiyo, mawimbi yanabaki nyuma. Asubuhi yake pitia kila taruma kwa kugonga na nyundo ndogo: lililolegea linatoa sauti butu. Kama imekaa juu kavu wiki mbili au zaidi, mbao zimejikunja na viungo vimefunguka, kwa hiyo ishushe tupu kwenye maji ya magotini, iache inywe maji mchana na usiku, kisha ikaushe. Panapoendelea kuvuja ndipo pa kupiga pamba na lami, kabla ya kufunga mashine.