Swiiti ya jina na swiiti ya kweli: majibu kwa wasomaji

Wiki hii ni zamu ya meli za starehe, na karibu barua zote zinahusu neno moja: swiiti, yaani chumba cha hadhi ya juu melini. Waliouliza bei "kwa ujumla" bila kutaja meli, mwezi wala idadi ya wasafiri nimewaweka kando. Hata mwenye meli hawezi kuwajibu.

Kampuni gani ina swiiti nzuri kuliko zote? (Mukono)

Nzuri kwa nani? Bibi harusi, mzee wa miaka sabini, au mama mwenye watoto wanne? Soma majibu ya chini, kisha uniandikie upya.

Wakala mmoja wa Kampala ameniuzia "Junior Suite" ya Royal Caribbean. Anasema vinywaji, intaneti na mhudumu binafsi vyote vimo kwenye bei. Nimwamini? (Ntinda)

Usimwamini, nnyabo. Katika meli zake za jamii ya Oasis, Quantum na Icon, kampuni hiyo ina madaraja matatu ya swiiti: Sea, Sky na Star. Junior Suite ni ya Sea, yaani ngazi ya chini. Utapata chumba kipana kuliko cha kawaida na chakula cha jioni katika mgahawa wa Coastal Kitchen. Asubuhi na mchana utapanga foleni ya bafe na wenzako. Ukumbi wa wageni wa swiiti na sitaha yao ya kuota jua si vyako.

Grand Suite na Owner's Suite ni Sky. Hapo Coastal Kitchen ni yako kwa milo yote, na intaneti imo. Vinywaji, bakshishi na migahawa ya kulipia huingia kwenye bei ukifika Star tu, ambako pia unapewa mhudumu wako anayeitwa Royal Genie wa kukupangia siku nzima. Kazi hiyo ndiyo wakala wako aliyokuahidi kwa bei ya ngazi ya chini.

Kuna mtego wa pili. Meli za zamani za kampuni hiyohiyo, kama Voyager of the Seas, hazina madaraja hayo kabisa. Soma jina la meli kabla ya jina la chumba. Na mwambie wakala aandike daraja kwenye risiti, kwa herufi: Sea, Sky au Star. Akisitasita, umeshapata jibu.

Usichanganye pia daraja la Sky na Sky Suite ya Celebrity, kampuni dada. Sky Suite ni swiiti ya chini kabisa ya Celebrity, lakini mwenye nayo anaingia The Retreat, eneo la wageni wa swiiti tu, kama mwenye swiiti kubwa: anakula mgahawa wao wa Luminae, anakaa kwenye ukumbi wao, ana mhudumu. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha kampuni, anza na swiiti ya bei ya chini. Zile za juu zote zitakufurahisha.

MSC wananipa vyumba viwili kwa bei zinazokaribiana: cha Yacht Club kisicho na dirisha, na swiiti ya Aurea yenye baraza. Mke wangu anataka baraza. (Jinja)

Hili ndilo swali bora la wiki. Yacht Club, iliyoanza na MSC Fantasia mwaka 2008, ni kama hoteli ndogo ndani ya meli: ina mgahawa wake, ukumbi wa Top Sail, bwawa na sitaha yake, vinywaji na intaneti ndani ya bei, mhudumu binafsi saa zote, na ruhusa ya kutumia vyumba vya mvuke vya spa. Katika baadhi ya meli, kama MSC Meraviglia, wanauza hata chumba cha ndani kisicho na dirisha chenye haki hizo zote. Aurea ni chumba kikubwa na kizuri, chenye haki fulani za spa, lakini mlango wa Yacht Club haukufungukii hata ukiwa na baraza la kuchezea ngoma.

Jiulizeni mchana mtakuwa wapi. Kama ni wa kulala mpaka saa tatu, kula, kukaa kwenye kivuli na kinywaji, na kurudi chumbani usiku tu, chukueni chumba cha ndani cha Yacht Club. Bahari mtaiona kutoka Top Sail, kwa madirisha makubwa kuliko ya chumba chochote. Kama mama huchafukwa na tumbo asipoona upeo wa bahari, au anapenda kunywa chai yake peke yake alfajiri, baraza lina thamani yake na usibishane naye.

Hakikisha kwanza meli yenyewe inayo Yacht Club. MSC Musica haina, MSC Splendida inayo. Zote mbili zimewahi kupangiwa msimu wa Durban, na matangazo ya Afrika Kusini huwa na picha zilezile.

Tunaenda tisa. Nilipie swiiti moja ya The Haven ya Norwegian, shangazi na watoto walale vyumba vya kawaida, halafu mchana tukutane Haven. Inawezekana? (Mbarara)

Haiwezekani, ssebo. Haven, eneo la faragha la wageni wa swiiti ndani ya meli, inafunguliwa kwa kadi ya chumba, na kadi hufanya kazi kwa waliosajiliwa humo tu. Ukimpa shangazi kadi yako, picha inayotokea kwa mhudumu ni yako. Mnachoweza kufanya ni kutafuta villa ya familia ya vyumba viwili, ambayo kwenye meli kadhaa hulaza hadi watu sita. Mtu wa tatu na kuendelea kwa kawaida hulipa pungufu ya wawili wa kwanza, kwa hiyo gawanya jumla kwa vichwa kabla hujashtuka. Watatu waliobaki wachukue chumba cha kawaida, na chakula cha jioni mkutane mgahawa wa wote. Desturi yetu ya kugawana haina nafasi kwenye mlango huo.

Club Balcony Suite ya kampuni hiyo haimo ndani ya Haven. Zamani iliitwa "mini-suite", wakabadilisha kibao. Na Norwegian Sky haina Haven hata kidogo.

Nimeona tangazo la kuomba kupandishwa daraja kwa zabuni. Nikiweka dola 300 nitalipa 300? (Gulu)

Utalipa 600. Zabuni huhesabiwa kwa kila mtu, na chumba huhesabiwa cha watu wawili. Ikikubaliwa, kadi yako ya benki inatozwa hapohapo na pesa hairudi. Mahali pa chumba wanachagua wao. Ukilala chini ya ukumbi wa dansi, umenunua mbuzi kwenye gunia. Kabla ya kuweka zabuni, piga simu benki waruhusu malipo ya nje kwenye kadi yako na waongeze kikomo. Mobile money haitakusaidia hapa.

Bakshishi imo kwenye swiiti? (Entebbe)

Mara nyingi haimo, na ya swiiti ni kubwa kuliko ya chumba cha kawaida. Norwegian walipandisha yao mwaka 2023 hadi dola 20 kwa mtu kwa siku, na 25 kwa Haven na swiiti. Wawili kwa usiku saba: dola 350. Mhudumu binafsi na yule wa dawati la Haven hawamo humo. Hao huwekewa bahasha siku ya mwisho. Beba noti za 10 na 20 za kutosha, si rundo la noti za 1, kwa sababu zitakazobaki maduka ya fedha ya Kampala yatazinunua kwa bei ya chini.

Bei ya Haven au chumba cha kawaida cha Silversea? (Kololo)

Chukua bei ya Haven, ongeza bakshishi, intaneti, vinywaji visivyomo na matembezi ya bandarini, kisha gawanya kwa usiku. Pengo litapungua sana. Kwenye meli za Silversea kila chumba ni swiiti na kila swiiti ina mhudumu. Kampuni ya Regent wanaweka matembezi ndani ya bei, lakini mhudumu huanzia Penthouse kwenda juu. Ukiwa na watoto, nenda meli kubwa. Wazee wawili wanaotaka utulivu wasipoteze pesa kukimbia kelele za watu elfu nne.

Abiria wa swiiti anahitaji viza? (Arua, Masaka, Kampala mara tatu)

Anahitaji! Ukipandia Piraeus, bandari ya Ugiriki, na meli ikagusa Kuşadası ya Uturuki, umetoka Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja) na unarudi: lazima viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, na Uturuki ina masharti yake. Miami ni B1/B2, viza ya mgeni ya Marekani. Ile C1/D mnayosikia ni ya mabaharia. Kadi ya homa ya manjano iwe kwenye mkoba wa mkononi, maana begi kubwa huchukuliwa gatini na hufika chumbani baada ya saa kadhaa. Tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha, usilipie upya.

Usiku rasmi kwenye meli za Cunard, naweza kuvaa kanzu? (Wakiso)

Ndiyo, pamoja na koti. Na mama avae gomesi. Wanakubali vazi rasmi la taifa.

Na chupa ya Waragi, pombe kali yetu, naweza kupanda nayo? (hakutaja mji)

Itabaki kwa walinzi mpaka mwisho wa safari, kama hawakuimwaga.